Ping: nimeitumia Mombasa tangu 2008 na bado ndiyo ya kwanza kufungua

Mimi kazi yangu ni kutengeneza neti, si za makampuni makubwa, ni hizi zetu za kawaida, saiba, yaani maduka ya intaneti, za Mwembe Tayari na Majengo, ofisi za kutoa mizigo bandarini, maduka, gesti za Nyali na Mtwapa, madrasa zenye kompyuta sita saba. Watu huniuliza natumia programu gani kutafuta shida, na wengi wanangoja nitaje kitu cha kulipia chenye magrafu na rangi. Nawaambia ping, ile amri ndogo ya kupima kama kompyuta moja inaifikia nyingine. Wengine wanadhani nawaficha. Wallahi sifichi kitu, ndo hiyo hiyo, na leo nimeamua kuiandikia maoni vizuri kama vile watu wanavyoandikia simu mpya ama hoteli waliyokula, manake nimeishi nayo tangu 2008 na mkate wa watoto wangu kwa kiasi kikubwa umetoka hapo.

Kwanza bei. Ni bure na tayari iko ndani ya kompyuta yako, iwe Windows, iwe Mac, iwe Linux, na kama una simu ya Android unaweka Termux, programu ya kuandikia amri, unaipata humo. Hakuna kujisajili, hakuna matangazo. Unafungua ile skrini nyeusi ya kuandika amri, unaandika ping, unaacha nafasi, unaandika anwani ya mashine unayoitafuta, unabonyeza enta. Kwenye Windows itatuma pakiti 4, yaani vifurushi vidogo vya data, halafu inasimama yenyewe, kwenye Linux na Mac itaendelea mpaka ubonyeze Ctrl na C, kwa hivyo usishtuke ukiona mistari inashuka haiishi.

Inachofanya ni hivi. Inatuma pakiti ndogo kwa mashine unayoitaka, na ndani yake kuna ombi moja tu, nijibu. Mashine ikiipata inairudisha. Ping inahesabu muda wa kwenda na kurudi, inakuandikia, kisha inatuma nyingine baada ya sekunde moja. Ni hodi hiyo. Umesimama mlangoni umepiga hodi, ukiitikiwa karibu unajua mtu yupo, na kwa vile alivyochelewa kuitikia unajua kama yuko hapo ukumbini ama yuko nyuma uani.

Aliyeitunga ni Mmarekani, Mike Muuss, alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya jeshi la nchi kavu la Marekani huko Aberdeen, Maryland. Desemba 1983 neti ilikuwa inamsumbua, akaketi akaiandika jioni moja. Jina alilitoa kwenye mlio wa sona, kile chombo cha nyambizi kinachopiga mlio majini halafu kinasikiliza ukirudi ili kijue kuna nini mbele na kiko mbali gani. Utakuta watu wanasema ping ni kifupi cha maneno marefu, mwenyewe alishasema alifuata ule mlio. Ile lugha inayotumia, ICMP, ilikuwa ishaandikwa na Jon Postel, ilitoka Septemba 1981, ombi ni aina namba 8 na jibu ni aina namba 0, na mpaka leo ni namba hizohizo. Muuss alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2000. Huwa namkumbuka sana nikiwa chini ya meza ya mtu na tochi mdomoni, mtu ambaye hakunijua wala sikumjua, na kazi yake ya jioni moja inanisaidia mimi huku pwani.

Sasa niwape kisa kimoja ili muelewe kwa nini naipenda hivi.

Kuna ofisi moja ya kutoa mizigo karibu na Moi Avenue, ghorofa ya pili, mwenyewe ni mzee mmoja mstaarabu sana. Aliniita asubuhi, nikafika nikakuta siku 3 nzima yuwagombana kwa simu na kampuni inayompa intaneti. Kontena ya mteja wake iko bandarini, siku za bure zinaisha, karatasi zinatakiwa zitumwe kwa kompyuta na kila akituma inafika nusu inakwama. Vijana wake washazima ruta na kuiwasha mpaka kitufe kimelegea. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia fundi hawa watu wamenichosha, leo hii nahamia kampuni nyingine. Nikamwambia mzee wangu nipe dakika 10 tu kabla hujapiga simu tena.

Nikaketi kwa kompyuta ya kijana wake. Kuna mpango wa kuuliza, na huu ndio unaomfanya mtu afaidike na ping ama asifaidike: unaanza karibu, unakwenda mbali polepole. Kwanza nikapiga ping 127.0.0.1, hiyo ni kompyuta kujiuliza yenyewe, pakiti haitoki hata nje ya mashine, ikijibu unajua programu za neti ndani ya kompyuta ziko sawa. Ikajibu. Pili nikapiga ping 192.168.1.1, hiyo ndiyo ruta yake, iko chumba cha pili, mita 15 za waya. Sikutuma 4, nilituma 100, manake pakiti 4 zinaweza kupita zote hata waya ukiwa mbovu, ni bahati tu. Na zile 100 ndizo zilizosema. Mistari inashuka, mmoja milisekunde 0.5, mmoja 0.4, halafu kimya, halafu mwingine, halafu kimya mara mbili. Mwisho ikaniandikia 100 zimetumwa, 86 zimerudi, zilizopotea asilimia 14.

Asilimia 14 kati ya kompyuta na ruta, humohumo ndani ya ofisi. Kampuni ya intaneti bado hatujaifikia hata. Na ukipoteza pakiti kiasi hicho kila kitu kinakwama, kwa sababu kompyuta isipopata jibu inatuma tena na inapunguza mwendo, inatuma tena inapunguza tena, ndo maana barua ndogo zinapita na faili kubwa la karatasi za mzigo linakufa njiani.

Nikafuata waya. Umeshuka dirishani, dirisha lile linaangalia upande wa Kilindini na halifungwi vizuri, upepo wa bahari unaingia mchana kutwa. Nikachomoa kichwa cha waya kilichoingia kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta, nikakimulika. Zile nyaya ndogo 8 za shaba pale zinapoingia kwenye plastiki zimeota kijani, kijani ya kutu ya chumvi, mbili kati yake ukizigusa na ukucha unga unatoka. Mtu yeyote anayefanya kazi hii Mombasa anaijua kijani hiyo, chumvi ya hewani haibakishi kitu, inakula mabati, inakula bawaba, inakula na vichwa vya waya. Nikakata kama sentimita 5 mpaka nikafika shaba inayong'aa, nikabana kichwa kipya, nikarudisha. Nikapiga ping 100 tena, mzee amesimama nyuma yangu anaangalia. 100 zimetumwa, 100 zimerudi, 0.4, 0.4, 0.3, 0.4, sawasawa kama mtu anayehesabu tasbihi.

Karatasi za kontena zikaenda hata kabla sijafunga begi. Yule mzee akakaa kimya kidogo halafu akasema, mimi nimewatukana watu siku 3. Akawapigia simu kuwataka radhi, hapohapo mbele yangu. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Ndo nasema, ukipiga ping kwa mpangilio inakuonyesha shida iko upande gani wa mlango wako. Ikiwa ruta yako haijibu vizuri shida ni yako, waya, swichi, waifai, ruta yenyewe. Ikiwa ruta yajibu safi na 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje, haijibu, hapo sasa shida iko kwenye laini ya nje na una haki ya kupiga simu, na utapiga simu na namba mkononi, si kusema tu neti iko slow. Ikiwa 8.8.8.8 yajibu lakini ukiandika jina la tovuti inakuambia, kwenye Linux, Temporary failure in name resolution, basi njia iko wazi, kilichokufa ni DNS, ile daftari ya kugeuza majina kuwa namba, na hiyo mara nyingi unaitengeneza kwa dakika 2 kwa kubadilisha anwani ya DNS kwenye ruta. Nimeona watu wakiuziwa ruta mpya kwa shida ya DNS. Inaniuma, manake pesa ya ruta kwa mtu wa duka dogo ni pesa ya wiki.

Kusoma jibu lenyewe si kazi. Kila mstari una muda kwa milisekunde, una namba ya pakiti ili uone iliyoruka, na una TTL, hesabu ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupitia. Watu wengi hiyo TTL wanaipita tu lakini ina faida. Kila ruta ambayo pakiti inapitia inapunguza moja, na mashine zinaanza na namba zinazojulikana, Linux kwa kawaida 64, Windows 128, ruta na swichi nyingi za kazi kubwa 255. Kwa hivyo ukipiga ping ndani ya ofisi ukaona 128 unajua huyo aliyejibu ni Windows. Hii ilinisaidia siku moja kwenye madrasa, printa haichapi, nikaipiga ping ikajibu lakini kwa TTL ya 128, na ile printa siku zote hujibu kwa 64. Kumbe kuna laptopu imepewa anwani ya printa. Bila kuiangalia ile namba ningefungua printa bure.

Muda nao una hadithi yake na kwa sisi watu wa Mombasa ni hadithi ya bahari. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 100 za njia zinakugharimu milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 480, kwa hivyo usitegemee chini ya 5 hata ufanye nini, mimi hupata kama 10 na nashukuru. Ulaya kwa kawaida hupita 100, pakiti inazunguka Bahari ya Shamu na Misri, hakuna ruta ya bei yoyote itakayokupunguzia hiyo. Vijana wa gemu wananiletea malalamiko ya seva za Ulaya, nawachorea ramani.

Lakini nyinyi mlioanza juzi hamjui tulipotoka. 2008 nilikuwa kijana nasaidia saiba moja, neti yote ilikuwa ya setilaiti, na setilaiti zile ziko juu karibu kilomita 36,000. Ombi linapanda, linashuka, jibu linapanda, linashuka, hapo tu hata kwa mwendo wa mwanga ni karibu nusu sekunde na bado hujaongeza foleni ya duniani. Tulikuwa tunaona 650, 700, ikifika 900 tunaona ni kawaida ya jioni. Mteja alikuwa anafungua barua anakwenda kununua kahawa anarudi. Halafu 2009 waya wa chini ya bahari wa TEAMS kutoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, na ule wa SEACOM ikatua hapahapa Mombasa, kwetu, na siku saiba yetu ilipounganishwa bosi aliniambia piga ping ile tuliyozoea. Nikapiga. Nikaona namba ya tarakimu 3 inayoanza na 1. Tuliangaliana. Sikuhitaji gazeti kuniambia kitu kimebadilika nchini, nilikiona kwenye mstari mmoja.

Na waya za baharini nazo hukatika. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliangusha nanga mahali pasiporuhusiwa ikakata TEAMS, na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 EASSy, waya mwingine wa baharini, na SEACOM zikapata hitilafu upande wa kusini na nchi nyingi za huku zikakwama. Hiyo ya 2024 naikumbuka kwa sababu ya simu nilizopokea, kila mtu anataka nije. Nyumbani nikapiga ping ruta, safi. Nikapiga ya Nairobi, safi. Nikapiga seva moja iliyoko Ulaya, juu ya 300 na nyingine zinapotea. Nikawa nawajibu wateja mmoja mmoja, ndugu yangu usitoe pesa, usibadilishe kitu, si ruta yako wala si waya wako, iko baharini, ngoja. Ningeweza kwenda nyumba 9 siku ile na kulipwa nauli 9. Sioni ni halali.

Sasa mabaya yake, manake maoni yasiyo na mabaya ni tangazo.

Kubwa kuliko yote ni kwamba kimya cha ping si kifo. Hapa ndipo watu wanapopotea na mimi nilipotea nikamwumiza mtu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ukipiga hodi na hawakujui hawakuitiki, watakuchungulia dirishani kimya mpaka uondoke, na watu wamo ndani wanakunywa chai. Kompyuta nazo ni hivyo, Windows kwa kawaida fayawoli yake, ule ulinzi wa mlangoni, haijibu hodi ya mgeni, na seva nyingi za intaneti zimefungwa kusudi. Sababu moja ni ya zamani, mwishoni mwa miaka ya 90 watu waligundua ukituma ping iliyoharibiwa ikazidi ukubwa unaoruhusiwa, ule wa baiti 65,535, mashine nyingi za wakati ule zilikuwa zinaanguka. Shida hiyo ilizibwa lakini woga ulibaki, na wasimamizi wengi wakazoea kufunga ICMP yote.

Mimi kuna duka la vipuri vya magari upande wa Changamwe lilinipigia simu seva ya stoo haifunguki kwa kompyuta moja. Nikaingia kwa mbali, nikaipiga ping seva, kimya. Nikawaambia imeganda, izimeni muiwashe. Wakaizima. Kumbe seva ilikuwa mzima kabisa na kompyuta nyingine 3 zilikuwa zinaandika ndani yake tangu asubuhi, shida ilikuwa ile kompyuta moja tu, seva haikunijibu mimi kwa sababu ya fayawoli. Kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Nilikwenda kule mwenyewe nikakaa na yule dada wa stoo tukaingiza risiti moja moja mpaka isha, na sikuchukua hata senti. Tangu siku hiyo ping ikinyamaza naenda kugonga mlango wenyewe ninaoutaka kwa amri ya nc, nc -zv 192.168.1.20 445 kwa mfano, 445 ndio mlango wa mafaili ya Windows, ukifunguka basi mashine iko hai hata kama haiitiki hodi. Na kama mko kwenye neti moja ya ndani kuna arping, hiyo inauliza kwa njia ya chini zaidi ambayo fayawoli ya kawaida haizuii, karibu kila mashine iliyo hai itajibu.

Kinyume chake pia ni kweli. Ping ikijibu haimaanishi kazi inafanyika. Anayejibu ni mfumo wenyewe kule chini, tovuti yako inaweza kuwa imekufa juu na ping ikakujibu vizuri tu. Mtu akikuambia seva iko sawa nimeipiga ping, mwambie afungue huo ukurasa wenyewe.

Ubaya mwingine, mdogo lakini unaudhi, ping ya Linux pakiti ikipotea haisemi kitu, inaruka tu mstari, na usipoangalia namba utadhani yote mazuri. Weka -O, hapo kila isiyojibiwa itaandikwa. Na saa haikuandikii, ukitaka kujua pakiti ilipotea saa ngapi unaweka -D, lakini inakupa ile hesabu ndefu ya sekunde tangu 1970 ambayo mtu hawezi kuisoma kwa macho. Hili lingetengenezwa lingenifurahisha sana.

Wenye bandali niwatoe wasiwasi, mara nyingi naulizwa ping inakula kiasi gani. Pakiti ya kawaida ya Linux ni baiti 84 ukihesabu yote, moja kwa sekunde, kutwa na kucha inakuwa kama MB 7 za kwenda na MB 7 za kurudi, jumla MB 14 na nusu. Kwa saa moja moja huioni hata. Ila msichezee -f, ile inamwaga pakiti bila kungoja, hiyo ni ya kupima vyombo vyako mwenyewe ndani ya nyumba yako, kuimwaga kwa seva ya mtu ni uchokozi.

Na kuna kitu kimoja ambacho hata mafundi wenzangu wengi hawakitumii, kupima ukubwa. Gesti moja Nyali ilikuwa na shida ya ajabu, baadhi ya tovuti zinafunguka baadhi zinazunguka tu hazifiki, ping ya kawaida safi, haipotezi hata moja. Nikapiga ping -M do -s 1472 8.8.8.8, hapo unaiambia tuma pakiti kubwa na usiruhusu ikatwe vipande, 1472 ukiongeza baiti 28 za maelezo yanayotangulia kila pakiti ndiyo 1500, ukubwa wa kawaida wa waya. Ikakataa. Nikashuka mpaka 1464 ikapita. 1464 na 28 ni 1492, na hiyo ndiyo namba ya PPPoE, njia moja ya kuunganisha laini ya intaneti, kumbe ruta ilikuwa imewekwa 1500 kwa mkono na laini inabeba 1492. Nikabadilisha namba moja. Kwenye Windows ni ping -f -l 1472, na angalieni hapo -f maana yake nyingine kabisa, ni usikate, si mwaga.

Ndugu zake nitawapitia haraka. mtr ni nzuri sana, inapiga ping kwa kila kituo njiani kwa pamoja, mnaotumia laini ya ofisi iwekeni, ila kituo cha katikati kikionyesha kinapoteza na cha mwisho hakipotezi msipige kelele, ruta hiyo inapitisha pakiti zenu vizuri na kujibu hodi ndio haina muda. fping nikiingia ofisi nisiyoijua, fping -a -g 192.168.1.0/24, inanipa anwani zote zinazoitikia kabla chai haijaletwa. Zote mbili ni bure pia. Lakini ukinipeleka mahali nikute kompyuta ya mtu isiyo na kitu, ping ndio itakuwepo. Nyota 5 naipa, moja ningeitoa kwa ajili ya saa, nimeirudisha kwa sababu ya gesti ileile ya Nyali, mara ya pili waliponiita.

Mwenye gesti ni mama mmoja mtu mzima, hodari, mwenyewe anasimamia kila kitu. Akaniambia mwanangu, wageni wananilalamikia kila jioni neti inakatika, nikishuka kuangalia nakuta iko. Nikamuuliza saa ngapi mama, akasema sijui, jioni tu. Nikamwachia laptopu yangu kuukuu yenye betri nzima, nimeichomeka waya kwenye swichi, inapiga ping ruta na 8.8.8.8 kwa pamoja, na nimeunganisha kila mstari na saa ya kawaida kwa amri ya date, inaandika kwenye faili. Siku 3 sikuigusa.

Nikarudi, nikafungua faili. Siku ya kwanza ruta imenyamaza kuanzia 18:41 mpaka 18:43. Siku ya pili 18:38 mpaka 18:40. Siku ya tatu 18:44 mpaka 18:46. Nje ya hapo hakuna kitu, usiku kucha, mchana kutwa. Na ilikuwa ruta yenyewe, si laini ya nje tu, dakika 2 ni muda wa ruta ile kuzima na kuwaka. Nikamwonyesha mama zile saa kwa kidole, nikamsomea, saa kumi na mbili na dakika arobaini, kila siku. Akaweka miwani akaangalia tena. Akasema, hiyo ndio saa nawasha pampu kupandisha maji tangini, wageni wakirudi ufukweni wote wanataka kuoga.

Tukaenda nyuma kuangalia. Pampu na ruta ziko kwenye soketi za ukuta mmoja, waya wa zamani, mwembamba. Nikamwambia washa, mimi nimeshika laptopu. Akawasha, taa ya koridoni ikafifia kama kupepesa jicho, na ping ikanyamaza.

Ruta nikaihamishia laini ya mapokezi na kibetri kidogo chake, na fundi wa umeme akaitwa kwa ule waya wa pampu. Usiku ule nikaacha faili linaandika tena kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Pakiti elfu 38 na ushei kwenda ruta, iliyopotea moja tu.